Ila ya Bi Mwanamvua

Sogeeni. Mwenye kigoda akalie, mwenye mkeka ajinyooshe, na mwenye haraka aondoke sasa hivi nimwone mgongo, maana hadithi hii ina ugomvi na watu wenye haraka.

Hapo zamani, na si zamani ya majini na masultani, zamani ya hapa jirani tu, ambayo walioiona bado wanakwenda sokoni kwa miguu yao, palikuwa na chuo cha uuguzi katika mji mmoja wa bara. Chuo hicho kilikuwa na madarasa ya aina mbili. Kulikuwa na vijana waliotoka sekondari, wanaosoma taratibu, mfupa mmoja leo, mfupa mwingine wiki ijayo. Na kulikuwa na watu wazima waliokuja na digrii zao mkononi, digrii za mambo mengine kabisa, wakasema mambo hayo basi, sasa tunataka kuwa wauguzi. Hao walifundishwa mbiombio. Yale ambayo vijana waliyatafuna kwa miaka, wao waliyameza kwa miezi. Vijana wakawapa jina, wakawaita Watu wa Ekspresi.

Na ekspresi mnaijua. Haisimami kila kituo, na ukishuka umeshuka. Kozi ile haikuwa na kurudia mwaka, kwa sababu nyuma yao hapakuwa na darasa jingine la kuwapokea. Ukianguka, unafunga begi lako unarudi kwenu. Hilo lishikeni vizuri, nitalihitaji.

Katika Watu wa Ekspresi walikuwamo watatu walioshibana.

Wa kwanza ni Tumpe. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sauti ya ubaoni hakuiacha. Akiingia wodini wagonjwa wanaketi vizuri bila kuambiwa. Mumewe hakupenda aache ualimu. Alimwambia, "Umechoka kuitwa mwalimu, unataka kuitwa na mwenye haja ndogo?" Tumpe akaja hivyohivyo.

Wa pili ni Kaijage. Huyu alikuwa bwana shamba, mrefu, mpole, mwanamume wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Baba yake alisema mwanamume mzima hawezi kuacha migomba akaenda kuosha watu, na tangu siku hiyo hakuzungumza naye tena. Kaijage alikuwa msomaji. Aliogopa masomo yatampita, basi aliyasoma kabla hayajafundishwa.

Wa tatu ni Chiku. Alikuwa mtangazaji wa redio, mwenye sauti ya kumfanya mtu aache sufuria jikoni aje asikilize. Alikuwa na mtoto mchanga, amemwacha na mama yake katika chumba cha kupanga nyuma ya chuo. Mtoto yule neno la kwanza kulitamka alilitamka akiwa mikononi mwa bibi yake, akasema "mama", na bibi ndiye aliyeitika. Chiku alipohadithiwa alicheka sana mbele za watu. Kisha akaenda bafuni akafungulia maji.

Hayo ndiyo maisha ya ekspresi. Walijifunza kuchoma sindano kwenye machungwa asubuhi, mchana wanachoma watu. Walikula wamesimama. Kaijage alipata kulala wima kwenye sinki la kunawia mikono, sabuni mkononi, mpaka mgonjwa mmoja akamwita mwenzake aje aone. Na siku walipoona mtu akikata roho kwa mara ya kwanza, hawakupata hata nafasi ya kulia, kwa kuwa saa iliyofuata walikuwa na mtihani wa figo. Walifanya mtihani wa figo wakafaulu. Ni jambo la kusikitisha, lakini wakati ule walijisifia.

Mwalimu wao aliitwa Felista. Msimchukie mapema. Ni yeye aliyepigania kozi ile ianzishwe, pale wakubwa waliposema watu wazima hawafundishiki. Aliwapenda Watu wa Ekspresi kama wanawe. Naye aliwafundisha msemo mmoja wa kazi, wakauimba mpaka ukawa wimbo wa darasa:

"Uliza, pata jibu, songa!"

Wodi ina vitanda vingi na wauguzi wachache. Ukizubaa kwenye kitanda kimoja, wa kitanda cha mwisho anakungoja na homa yake. Uliza, pata jibu, songa. Msemo ulikuwa mzuri. Ulifanya kazi kwa watu karibu wote.

Haukufanya kazi kwa Bi Mwanamvua.

Bi Mwanamvua alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, mahafali, ukila pilau ukauliza nani kapika, ndiye. Siku moja aliteleza jikoni kwa watu, akavunjika nyonga. Akaletwa hospitali, akapasuliwa, mfupa ukaungwa, akalazwa kitanda cha dirishani katika wodi ya wanawake. Upasuaji ulikwenda vizuri. Madaktari walifurahi.

Sasa nisikilizeni, maana hadithi yote imelala hapa. Bi Mwanamvua alilelewa kizamani. Kwake yeye salamu ilikuwa na ngazi zake. Ukimuuliza habari za kuamka, atakujibu nzuri. Ukimuuliza za tangu jana, atakujibu nzuri. Hata nyumba iwe inaungua nyuma yake, atakujibu nzuri kwanza, kwa sababu mtu mwenye adabu hamtupii mwenzake matatizo usoni kabla hajaketi. Ngazi ya tatu ndiyo yenye habari. Ukimuuliza, "Na wewe mwenyewe, bibi?" hapo atavuta pumzi, atajisogeza, atasema, "Ah, mimi mwenyewe mzima. Ila..."

Hiyo ila ndiyo yenye habari zote. Kabla ya ila ni adabu tu, baada ya ila ndiyo ugonjwa. Nanyi mnaonicheka, nyumbani kwenu mnafanya vivyo hivyo. Nani hapa amewahi kupiga simu kuomba msaada akaanza na msaada?

Basi. Ikafika siku hiyo.

Asubuhi ile mtoto wa Chiku aliamka na homa. Chiku akambeba mbio kwenda kliniki, akachelewa zamu. Na kwa Watu wa Ekspresi kuchelewa zamu si jambo dogo. Tumpe akaona vitanda alivyopangiwa rafiki yake havina wa kuvihudumia, akasema moyoni, simwachi Chiku aadhibiwe. Akachukua vitanda vyake mwenyewe, akachukua na vya Chiku, ili mwalimu akipita akute kazi imefanyika. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja tu, na alikuwa na mgonjwa anayetapika damu upande wa pili.

Tumpe akapita kitanda kwa kitanda. Uliza, pata jibu, songa. Uliza, pata jibu, songa. Akafika dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za kuamka?"

"Nzuri, mwanangu. Nzuri, alhamdulillahi."

Tumpe akamtabasamia, akamvutia shuka, akasonga. Nyuma yake Bi Mwanamvua akabaki na mdomo wazi kidogo, maana alikuwa angali kwenye ngazi ya kwanza.

Jua likapanda. Akaja Kaijage na kikapu cha dawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Na tangu jana?"

"Nzuri, baba."

Kaijage hakuwa mtu wa kukimbiza wakubwa. Akauliza, "Na wewe mwenyewe, bibi?"

"Ah, mimi mwenyewe mzima. Ila..." Bi Mwanamvua akamtazama, kijana mrefu mwenye mikono mikubwa, akaivuta shuka mpaka kiunoni akaishikilia. "Ila hapana, baba. Niitie binti."

Kaijage akaelewa, au alidhani ameelewa. Akajua bibi anataka choo, na anamwonea haya mwanamume. Akaona aibu kwa niaba yake. Kumbe Kaijage, msomaji yule, alikuwa amekwisha kusoma sura ya miguu. Alijua kwamba mtu aliyepasuliwa nyonga akalala kitandani, lazima atazamwe miguu yote miwili, ipapaswe, ilinganishwe, kwa kuwa damu inaweza kuganda mguuni kimyakimya. Alijua. Lakini kutazama kulitaka kuiondoa ile shuka, na ile shuka ilishikwa na mama wa rika la mama yake. Akasema, "Haya, bibi, namwita." Akaondoka kwa heshima zake zote.

Akamkuta Chiku mlangoni, ndiyo kwanza anaingia, anahema, kanga ya kumbebea mtoto bado iko begani.

"Mtoto vipi?"

"Anaendelea. Nimechelewa, nimeumia. Mwalimu kashapita?"

"Tumpe amekufanyia vitanda vyako. Bibi wa dirishani anataka binti. Nadhani ni choo."

Chiku akaenda. Naye alitoka kule kule alikotoka bibi yule, kalelewa na bibi wa aina ile ile, ngazi zote tatu alizijua tangu utotoni. Hakusimama. Alivuta kigoda akaketi.

Wakasalimiana kwa kirefu. Za kuamka, nzuri. Za tangu jana, nzuri. Na wewe mwenyewe, bibi?

"Mimi mwenyewe mzima, mwanangu. Ila mguu huu. Hapa nyuma, kwenye shavu la mguu. Tangu jana unavuta, unavuta, kama mtu kaukanyaga hajatoa unyayo wake."

Chiku akaifunua shuka. Mguu mmoja ulikuwa mnene kuliko mwenzake. Akaugusa, una joto. Somo la miguu lilikuwa bado. Lilipangwa lifundishwe kabla ya kuingia wodi ile, lakini wodi ilipungukiwa na watu, hospitali ikaomba wanafunzi, na Mwalimu Felista akasema wataingia sasa, somo litafuata wiki ijayo. Kwa hiyo Chiku hakujua alichokuwa anakishika. Alijua kitu kingine. Alijua kwamba kwao mguu ukivuta, unachuliwa.

Kwenye kikabati cha bibi kulikuwa na chupa ya mafuta ya nazi. Chiku akajimiminia kiganjani, akayapasha moto kwa kusugua mikono, akauchua mguu ule kuanzia kifundoni kupanda juu. Aliuchua vizuri. Aliuchua kama alivyofundishwa na bibi yake mzaa mama.

Bi Mwanamvua akafumba macho.

"Hapo hapo, mwanangu. Tangu niletwe humu, wewe ndiye wa kwanza kuketi."

Wakazungumza. Bibi akamwuliza habari za mtoto, akamwelekeza namna ya kumpikia uji asikatae. Akamwambia akitoka hospitalini atampikia pilau yeye na wenzake wote, hata yule mrefu mwenye haya. Chiku akacheka. Maumivu yakapoa. Chiku akasema, "Nikamwambie nesi wa zamu habari za mguu?" Bibi akasema, "Umwambie nini, na mguu umekwisha kuvuta? Yule mama kaelemewa. Mwache." Chiku akamwacha.

Mchana, chakula kikiwa kinagawiwa, Bi Mwanamvua aliweka kijiko chini. Akasema, "Hewa." Akasema tena, "Hewa, mwanangu." Wakaja mbio, akaja daktari, wakahangaika naye, wakamsukuma kifua, wakamwekea oksijeni. Hakurudi. Wali wake ulibaki kwenye sahani pale dirishani mpaka mtu alipokumbuka kuuondoa.

Daktari alitoka anajifuta jasho, akawauliza wanafunzi, "Huyu mama hakulalamika mguu?"

Kaijage alimtazama Chiku. Chiku alitazama mikono yake, ingali inang'aa mafuta.

"Damu iliganda mguuni ikapanda kwenye mapafu," daktari akasema. "Ningeambiwa asubuhi, dawa ipo. Asubuhi ningeweza."

Ndipo Chiku akasimulia yote, habari za kuvuta na habari za kuchua. Daktari akaitazama ile mikono. "Mguu wa namna hiyo hauchuliwi," akasema. "Huenda kuchua ndiko kulikoisukuma. Huenda ingepanda hata usingemgusa. Hilo sitakudanganya, silijui, na hakuna atakayelijua."

Hebu fikirini kuishi na neno hilo. Ukiambiwa umeua, utalia. Ukiambiwa hukuua, utapumua. Chiku aliambiwa huenda. Yule mtangazaji wa redio, mwenye sauti ya kusimamisha mapishi, kwa siku nyingi hakusikika akisema kitu zaidi ya ndiyo na hapana. Tumpe aliacha kula. Kaijage alikuwa akienda kusimama penye kile kitanda, mgonjwa mwingine keshalazwa, anasimama tu, mpaka yule mgonjwa akaomba ahamishwe.

Matanga yalipoanuliwa, Mganga Mkuu wa hospitali akawaita ofisini kwake, wanafunzi watatu na mwalimu wao. Hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa na wakubwa zake. Akawaambia, "Bodi imekaa. Wanasema kozi ya haraka imeua mtu. Wanataka kuifunga. Nimewaomba sana, wamenipa njia moja. Niwapelekee jina la aliyekosa, aondolewe, kozi iendelee. Nisipopeleka jina, darasa zima linakwenda nyumbani. Nikipeleka majina yote, ni hivyohivyo, maana watasema darasa lote limeoza. Nataka jina moja."

Nanyi mnajua kilichokuwa mezani. Mume wa mmoja anangoja kusema si nilikwambia. Baba wa mwingine amenuna tangu mwaka jana. Mtoto wa mwingine anamwita bibi mama. Atakayetajwa atakuwa amevipoteza hivyo bure, na ekspresi hairudi kituoni kumchukua mtu.

Wewe pale nyuma umenyanyua mkono? Shusha. Sijamaliza. Na hata kama umemaliza wewe, wenyewe hawakuwa wamemaliza.

Tumpe akasimama. "Andika mimi. Ni mimi niliyefika wa kwanza, na dawa ilikuwa ya asubuhi. Bibi yule alikuwa na neno mdomoni, nikampa mgongo. Nimefundisha watoto miaka mingi, najua sura ya mtu ambaye hajamaliza kusema. Niliiona. Nikasonga. Wenzangu hawa wangepata wapi kosa, kama mimi ningengoja kidogo?"

Chiku akasema, "Dada, ulikuwa na vitanda vya watu wawili. Vya pili vilikuwa vyangu."

Kaijage akasimama. "Andika mimi. Tumpe hakusikia ila. Mimi niliisikia kwa masikio yangu. Chiku hakujua mguu ule una nini. Mimi nilijua, nilikwisha kusoma. Katika sisi watatu ni mimi peke yangu niliyekuwa na maarifa ya kumwokoa, yamejaa kichwani, na sikuitazama miguu yake kwa sababu niliona haya. Nilichunga heshima ya mama wa watu mpaka akafa nayo. Hata ujumbe wake sikuufikisha kama alivyounena. Nilisema choo."

Tumpe akasema, "Ungemfunua kwa nguvu, ungekuwa mtu gani?"

"Ningekuwa muuguzi," Kaijage akasema.

Chiku akasimama, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi aseme kwa kirefu. "Andikeni mimi. Hawa hawakumgusa. Mimi ndiye niliyetia mkono. Niliusikia ugonjwa mzima, nikauona kwa macho, nikaushika una joto, halafu nikaufanya siri yangu mimi na bibi. Asiyejua anauliza, hata mtoto anauliza. Mimi sikuuliza, kwa kuwa alikuwa anatabasamu, nami nilikuwa na kiu ya mtu wa kunitabasamia. Na kama nisingechelewa, Tumpe asingekuwa na haraka."

"Ulichelewa kwa mtoto mgonjwa," Kaijage akasema. "Na wewe ndiye peke yako uliyeketi."

Ndipo Mwalimu Felista akasimama, miwani mkononi. "Daktari, futa hao. Tumpe alisonga kwa kuwa nilimwimbisha asonge. Chiku hakujua kwa kuwa somo nililisogeza mbele mimi. Kaijage alijua kwa juhudi yake, si kwa kufundishwa nami, na sikuwahi kuwaambia wakimwona mgonjwa anaona haya wafanye nini. Hawa ni wanafunzi. Mwanafunzi anakosea mbele ya mwalimu ili asikosee peke yake. Mimi sikuwapo wodini. Andika Felista."

Mganga Mkuu akasema, "Nikikuandika wewe, nani atawafundisha? Sina mwingine anayeweza kozi hii. Itakufa yenyewe." Kisha akaongeza taratibu, "Lakini sisemi haiwezekani."

Hapo mlango ukabishwa. Akaingia Mzee Shomari, fundi cherehani, mume wa marehemu. Mganga Mkuu ndiye aliyemwita. Alitaka mfiwa aseme, ili kalamu ya kuandika jina isiwe nzito mkononi mwake peke yake.

Wote wakasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na tangu siku ile?"

"Nzuri, wanangu. Watu wametusaidia sana."

Tumpe ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Na wewe mwenyewe, mzee?"

Kisha wakangoja. Wanne wote wakangoja, hakuna aliyesogeza hata kiti. Mzee Shomari akaishika kofia yake, akaizungusha, akaizungusha.

"Mimi mwenyewe mzima," akasema. "Ila nikirudi jioni nasimama mlangoni, najisahau, nanusa."

Wakalia. Mwalimu analia, wanafunzi wanalia, Mganga Mkuu anatafuta kitu kwenye mtoto wa meza ambacho hakikuwamo.

Alipoelezwa kilichomleta, kwamba achague jina, mzee alimsikiliza kila mmoja upya, tangu Tumpe hadi mwalimu. Kwa Chiku alimkatiza. "Alikwambia atakupikia pilau?"

"Ndiyo, mzee. Mimi na wenzangu wote."

"Basi alikuwa na furaha. Akiwa na huzuni hataji chakula." Akaendelea, "Mke wangu naye nimemkasirikia. Mara ngapi nilimwambia, mama, ukiumwa anza na kuumwa! Hata siku anajifungua mwana wetu wa kwanza, mkunga alimwuliza hali, akasema nzuri. Nilimzika nina hasira naye, Mungu anisamehe."

Kisha akamgeukia Mganga Mkuu. "Daktari, mimi siwezi kukuchagulia. Nataka nikwambie ninachokiona tu. Mbele yangu wapo watu wanne ambao kuanzia leo mgonjwa akiwaambia nzuri, wataketi. Unataka kuniondolea mmoja. Ndani humo wamo wake wa wenzangu, wamelala. Huyo utakayemwondoa nafasi yake utampa nani, yule ambaye bado hajaharibu?"

Akavaa kofia yake, akawaaga mmoja mmoja, akatoka.

Mganga Mkuu akaichukua kalamu yake. Nilitamani nikwambieni kwamba aliitupa ile kalamu dirishani. Hakuitupa. Alisema, "Nimemsikia mzee. Nimemsikia sana. Lakini gari la bodi liko uani, nao wanangoja jina, na darasa zima limekaa nje kwenye nyasi halijui kama kesho lina chuo." Akavuta karatasi. "Naandika. Niambieni."

Mikono minne ikanyanyuka kwa pamoja.

Haya, sasa nyanyueni na yenu. Lakini msiniambie wote, maana wote ni kuifunga kozi. Msiniambie hakuna, maana hakuna ni kuifunga kozi vilevile. Na msinikimbilie kwa mwalimu eti kwa kuwa ndiye mkubwa, mpate kulala usingizi. Tumpe angeweza kungoja, hakungoja, na haraka yake ilikuwa ya kumwokoa rafiki. Kaijage alijua, hakutazama, na aliyemzuia alikuwa marehemu mwenyewe. Chiku aliketi, akasikia, akatazama, na mikono yake ndiyo iliyompa bibi raha yake ya mwisho, au ndiyo iliyommaliza. Felista hakuwapo, na aliyoyafundisha na asiyoyafundisha yote yalikuwapo.

Bi Mwanamvua yuko kaburini, hatatutajia mtu. Kalamu iko juu ya karatasi. Je, nani alistahili kuondoka?